Mtaro Tuliouchimba Ngong

Wanaume walipobeba jeneza la rafiki yangu Zam na kutoka nalo langoni, sisi wanawake tulibaki barazani. Ndivyo ilivyo kwa Waislamu wa Kambi Muru, hapa Kibera, na mimi ambaye si Mwislamu nimeijua desturi hiyo tangu nikiwa msichana, kwa hiyo sikuuliza kitu. Niliketi kwenye mkeka karibu na mlango, nikasikiliza sauti zao zikipungua kadiri walivyoelekea makaburini, mpaka nikabaki nikisikia redio ya jirani tu. Jikoni mtu aliuliza kama wali umetiwa chumvi. Mwingine akajibu, "Zam angekuwa hapa angesema haiko, hata kama iko." Tukacheka kidogo, kisha tukakumbuka tunachekea wapi. Salma, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameketi mbele yangu akiukunja na kuukunjua upindo wa leso. Hakuwa amelia. Mashangazi zake walikuwa wanasifu kwamba mtoto amejikaza, ana imani. Mimi nilimtazama nikaogopa, kwa sababu niliwahi kusifiwa hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano mwaka ninaotaka kuuandika. Habari za baba na za ukoo wetu naziacha, hazina kazi hapa. Mama alifariki mwezi wa pili, na mwili wake ukapelekwa ushago, Butere, kuzikwa. Gari la mazishi lilikuwa moja na watu walikuwa wengi kuliko viti. Nilikuwa nimeshasimama pale na nguo zangu ndani ya mfuko wa plastiki, mjomba aliponiona. "Nekesa, wewe baki uangalie nyumba," akasema. "Hii Kisumu Ndogo unaijua. Tukienda sisi wote, tutarudi tupate hata mlango wameng'oa." Nikamwambia nataka kwenda. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Wewe sasa ni mtu mkubwa." Hakusema kwa ubaya. Mpaka leo siwezi kumlaumu, maana wezi walikuwepo kweli, na mtu mmoja ilibidi abaki. Basi nikabaki. Siku nne nililinda kitanda, jiko la makaa, sufuria tatu na sahani za bati zenye ukingo wa buluu. Waliporudi walinieleza kwamba mazishi yalikuwa mazuri. Kwaya iliimba, mvua haikunyesha, na kila mtu wa nyumba alitupa udongo kaburini. Walinihesabia mmoja mmoja waliotupa, ili nifurahi. Nilikuwa nikisikiliza kama mtu anayeelezwa harusi ya watu asiowajua.

Kwa hiyo mama hakufa. Sijui niseme vinginevyo vipi. Nilijua amekufa, ukiniuliza ningekujibu hivyo, lakini mikono yangu haikujua. Kila jioni nilipopakua ugali nilichukua pia sahani yake, ile iliyobanduka rangi upande mmoja, nikaweka kipande, nikaweka na omena au sukuma, nikafunika na sahani nyingine. Mama mdogo, aliyehamia kwetu kunitunza, alivumilia wiki mbili. Siku moja akafunua akasema, "Unamwekea nani? Panya?" Nikasema namwekea mtu akija. "Mtu gani?" Nikaifunika tena. Usiku kucha sahani ilikaa hapo, na asubuhi nilikula kile chakula baridi kabla ya shule, kwa sababu njaa ilikuwepo na mimi si malaika. Kuta za mabati hazifichi neno. Nikiwa nimelala nilimsikia mama mdogo akimwambia jirani, "Huyu mtoto halii. Tangu msiba, hata tone." Jirani akasema, "Amejikaza. Mungu amempa nguvu." Mama mdogo akasema, "Ama hajaambiwa vizuri."

Mama alikuwa akifua nguo za watu. Asubuhi alitembea na wenzake kutoka Kibera mpaka Kawangware, mwendo wa zaidi ya saa moja, wakaketi kwenye ukuta mmoja mfupi karibu na barabara, wakingoja mtu aje kuwaita kazini. Mimi nikaanza kwenda huko kila Jumamosi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiangalia ule ukuta, nikitafuta leso yake ya kijani kati ya leso za wengine. Wale wanawake walinijua. Mara ya kwanza walinipungia mkono, mara ya pili mmoja akanipa mandazi, mara ya tatu wakawa hawajui waangalie wapi. Ni mmoja wao aliyemwambia Anti Njeri habari zangu.

Anti Njeri alikuwa mwalimu wa nasari aliyekuwa ameacha kazi ya shule. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha, na kila Jumamosi alikuwa anakusanya wasichana katika ukumbi wa kanisa la mabati huko Kabiro, hapo hapo Kawangware. Kikundi hakikuwa na jina. Sisi tulikiita Jumamosi tu. "Wewe uko Jumamosi?" ndivyo tulivyoulizana. Alivuka barabara Jumamosi moja, akasimama kando yangu akaangalia ukuta kama mimi, akasema, "Mimi naenda kunywa chai. Iko na mkate." Sitadanganya, nilimfuata kwa sababu ya mkate. Ulikuwa na siagi pande zote mbili. Ndani kulikuwa na meza ndefu za mbao, harufu ya rangi na ya majivu, na wasichana kama kumi na watano wa umri wangu, wengine wakichora, wengine wakipiga ngoma moja kwa zamu, wengine wakifinyanga udongo mweusi kutoka kwenye karai. Hakuna aliyeniuliza nimepatwa na nini. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila mmoja pale alikuwa na jambo lake, na kwamba Anti Njeri alikuwa na sheria moja: swali la kwanza lisiwe la msiba. Liwe, "Unataka rangi gani?"

Nilichagua udongo. Nilifinyanga sahani. Jumamosi iliyofuata nikafinyanga sahani nyingine. Hatukuwa na tanuri, kwa hiyo vitu vyetu vilikauka tu kwenye dirisha, na ukivitia maji vilirudi kuwa tope. Nilipofikisha sahani ya sita, msichana mmoja mrefu mwenye kovu kwenye nyusi alikuja akasimama nyuma yangu. "Niaje, mathe," akasema, "unafungua hoteli?" Meza nzima ikacheka. Huyo ndiye Zamzam. Alikuwa anatoka Kambi Muru, Mnubi, mtoto wa watu wenye nyumba yao na wapangaji, na mimi kusema kweli nilimchukia kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa hawezi kukaa siku nzima bila kupigana. Alipiga ngoma kama anaichapa. Aliyemlea alikuwa nyanya yake, ambaye yeye alimwita habuba, na huyo habuba alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla ya mama yangu. Hilo sikulijua wakati ule. Nilijua tu kwamba alikuja na gurusa, zile chapati laini za Kinubi, zimefungwa kwenye kitambaa, na kwamba hakumpa mtu.

Mwezi wa saba tuligombana. Nilikuwa nimemwaga maji kwenye mchoro wake, na sikumwaga kwa bahati mbaya. Akasimama. Nilidhani atanipiga, nikajiandaa, lakini akasema kwa sauti ya chini, "Wewe hata mamako hujamzika. Wamama wa kufua wameniambia. Unamngoja kama mtu anangoja stima irudi." Nikamjibu kitu ambacho sikijivunii. Nikamwambia, "Na wewe je? Si nyanyako alizikwa hapo kwenu tu, ng'ambo ya barabara? Wewe ulimwekea udongo?" Nilikuwa nimesikia habari za nyanya yake, na kwamba wanawake wao hawaendi makaburini, nikaitumia kama kisu. Zam akaketi kwenye sakafu, chini kabisa, na tangu pale hakunichokoza tena. Anti Njeri hakutugombeza. Alitupa kitambaa kimoja, tukapangusa maji pamoja bila kutazamana.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, Anti Njeri aliazima mahema akatupeleka siku mbili kwenye shamba la rafiki yake chini ya vilima vya Ngong. Tuliambiwa kila mmoja aje na blanketi na sahani. Mimi nilibeba sahani tatu: yangu, ya mama, na moja ya udongo niliyoifunga kwa gazeti. Msiniulize kwa nini ya udongo. Nadhani nilikuwa nimeipenda, ilikuwa ya kwanza kukauka bila ufa. Tulifika kabla ya saa sita. Sikuwa nimewahi kuona mahali ambapo jicho linaenda lisigonge ukuta. Nyasi, nyasi, halafu mlima. Upepo ulikuwa hauna harufu ya mtu yeyote. Anti Njeri alieneza mikono yake akasema, "Hapa nafasi ni yenu. Kila hema lichague mahali pake," kisha akaenda nyumbani kwa mwenye shamba kuomba kuni.

Aliporudi alisimama, akaweka kuni chini, akashika kiuno. Mahema yetu yote saba yalikuwa kwenye kona moja ya shamba, yamebanana kwenye ua, milango ikitazamana, kamba za hili zikipita juu ya kamba za lile. Katikati tulikuwa tumeacha korido ambayo mtu alipita kwa ubavu, na juu ya korido tayari kulikuwa na kamba ya nguo yenye soksi. Shamba lote lililobaki, ekari ngapi sijui, lilikuwa tupu, ng'ombe wawili wakitushangaa. "Nani amewaambia mjenge ploti kama za Kibera?" akauliza. Hatukumwelewa. Tulikuwa tumefanya kazi nzuri. Zam ndiye aliyejibu: "Sasa Anti, tukikaa mbali mbali, mtu akipiga nduru nani atamskia?" Anti Njeri akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakaa juu ya kuni akifuta macho. Wasichana nao wakacheka, ingawa wengi walikuwa bado hawajaona kosa. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeona kosa lingine kubwa zaidi. Nikasema kwa sauti, na nadhani ndiyo mara ya kwanza wengi wao kunisikia, "Na mtaro? Maji yatapita wapi?"

Mtu wa Kibera ataelewa. Unaweza kukosa dirisha, lakini mtaro huwezi kukosa, ama sivyo mvua ya kwanza italala nawe kitandani. Mwenye shamba, mama mmoja mkavu wa maneno aliyekuja kutuona, alisema, "Watoto, huku mvua ya Agosti ni manyunyu tu. Na maji yanateremka yenyewe." Tulimsikia kwa heshima tukaomba jembe. Alikuwa na moja, na panga moja kuukuu. Wenzetu waliambiwa wakaoshe viazi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetaja mtaro, kazi ilikuwa yangu. Zam akaokota panga bila kuitwa. Tulianza nyuma ya hema la mwisho. Mimi nilichimba, yeye alikwangua. Udongo ulikuwa laini chini ya nyasi, mweusi kama ule wa karai letu, na una baridi. Tulifanya kazi muda mrefu. Nilipiga jembe, nikapiga, na nilipoinuka kupumzika niliona tumechimba mahali pamoja tu. Haukuwa mtaro. Ulikuwa shimo refu, lenye urefu wa mtu, na kando yake udongo umelundikana vizuri.

Zam naye aliliona. Akaegemea panga. "Neke," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "siku ile uliniuliza kama nilimwekea habuba udongo. Hapana. Walimtoa asubuhi, mimi nikiwa nakata vitunguu. Wajomba waliporudi nikauliza mmefanyaje. Wakaniambia kila mtu anaweka mara tatu kwa mkono." Akanionyesha kiganja, kama mtu anayepima unga. Nikamwambia mimi niliachwa kulinda sufuria. Akacheka kwa pua. "Sufuria ngapi?" "Tatu." "Na mwizi alikuja?" "Hakuja." Nilikwenda hemani nikaleta zile sahani mbili, ya mama na ya udongo. Nikapiga magoti nikaiweka ya mama ndani ya shimo. Zam akainama haraka akaitoa. "Wewe uko na wazimu? Sahani nzima hivi unazika? Mamako mwenyewe angekuchapa." Alikuwa amesema kweli tupu. Mama angenichapa. Nilimsikia kabisa akinigombeza, sauti yake yenyewe, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba sauti hiyo imetoka ndani yangu, haitatoka tena mahali pengine popote. Tukaweka ile ya udongo.

"Hii si mazishi," Zam akasema, akiangalia pande zote kama shehe yuko nyuma ya ng'ombe. "Tusiseme ni mazishi. Tunafukia mtaro tu." Nikakubali kwamba tunafukia mtaro tu. Nikachukua udongo kwa mkono nikatupa. Niliisikia sauti yake ulipoigonga sahani, ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nikatupa tena. Zam alitupa mara tatu kwa ajili ya habuba, akihesabu kwa midomo, na mara ya tatu hakukifungua kiganja haraka. Mimi sikuhesabu. Nilitupa mpaka nikaona situpi tena, nimelala kifudifudi kwenye lundo nalia kwa sauti ambayo sikuijua, na Zam ameketi juu ya miguu yangu, kwa uzito wake wote, kama anayezuia nisipeperuke. Wasichana walikuja mbio na viazi mikononi. Nilisikia Anti Njeri akiwaambia, "Rudini. Wanachimba." Hakusema zaidi ya hapo, na hakuuliza hata baadaye.

Mvua haikunyesha siku zote mbili. Jioni ile tulikula viazi na maharagwe tumezunguka moto, jua likiwa bado halijashuka nyuma ya vilima. Zam alikuwa amesahau sahani yake Kibera. Nikampa ya mama. Aliitazama, akaona ile sehemu iliyobanduka, akaniuliza kwa macho, nikaitikia. Akala. Akamaliza, akasugua na kipande cha kiazi mpaka bati likang'aa, akasema, "Chumvi haikutosha." Tangu siku hiyo sikumwekea mtu chakula tena. Nisieleweke vibaya, sikupona pale. Jumamosi moja mwezi wa tisa nilijikuta nimesimama tena ng'ambo ya ule ukuta. Lakini sikuwa natafuta leso ya kijani. Nilikuwa nawaangalia wale wanawake, nikaona wamechoka, nikavuka nikawasalimu. Desemba nikapelekwa Butere. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Nilikaa hapo mchana mzima nikiyang'oa, nikimwambia mama habari za mtihani wa darasa la nane, ambao sikuufanya vizuri.

Anti Njeri alifariki zamani na Jumamosi ikafa naye. Wengine siku hizi huniambia kwamba watoto wenye majonzi wanahitaji dawa na wataalamu, na sibishi, huenda ni kweli. Mimi ninachojua ni kwamba alitupa udongo, ngoma, na mahali penye upepo, kisha akawa na subira. Zam na mimi tulibaki na neno letu. Mmoja akizidiwa alimpigia mwenzake simu: "Jembe liko wapi?" Basi. Hatukuhitaji maelezo. Alinipigia hivyo alipoachika, nikatembea kutoka Kabiro, ninakoishi sasa, mpaka Kambi Muru tukakaa barazani hapo hapo. Nami nilimpigia nilipopoteza mimba, akaja na gurusa kwenye kitambaa, akaketi juu ya miguu yangu, mwanamke mzima mwenye kilo zake. Mwezi uliopita alipolazwa kwa ajili ya presha alinipigia akiwa wodini. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza kushona. Nikamwambia nitakuja Alhamisi. Alikufa Jumatano. Hilo nimeliandika kwa sababu nataka kuandika kweli.

Wanaume walirudi baada ya saa moja hivi. Waliacha viatu mlangoni wakaingia, wakanawa mikono, wakapewa chai. Mjomba mkubwa akasema mazishi yamekwenda vizuri, watu walikuwa wengi, Mungu amrehemu. Wanawake wakaitikia. Salma aliinuka akatoka. Nilidhani anakwenda chooni. Nilipogeuza shingo nilimwona amechutama penye viatu vya wajomba zake, vimejaa udongo mwekundu, mbichi. Alikuwa akiukwangua kwa ukucha kutoka kwenye soli, kidogo kidogo, na kuuweka kwenye kiganja.

Nikatoka nikachutama kando yake. Nyuma ya nyumba mtaro ulikuwa umejaa tope la mvua ya wiki ile, maji yamesimama.

"Salma," nikamwambia, "jembe lenu liko wapi?"

Alinitazama. Bila shaka aliwahi kumsikia mama yake akiuliza hivyo kwenye simu, miaka yote ile, na hakuwahi kuelewa.

"Liko nyuma, Anti."

"Kalilete. Na panga."

Shangazi mmoja akachungulia mlangoni. "Nekesa, leo? Siku ya msiba mnazibua mtaro?"

"Ndiyo, leo," nikasema. Salma alikuwa ameshakwenda, kiganja amekifumba, anatembea kwa uangalifu asimwage.